Gari Lisilo na Mlango wa Nyuma

Doha ina madereva wengi, na sisi watu wa Afrika Mashariki tumetoa wa kutosha: wa malori, wa mabasi ya wafanyakazi, wa pikipiki za chakula, wa majumbani. Lakini siku za Ijumaa, kwenye fleti ya Bi Zuhura pale Fereej Bin Mahmoud, mtu akisema "Dereva amefika," hakuna aliyeuliza ni dereva yupi. Jina lake nalijua na sitaliandika. Mwenyewe hakupenda lilivyotamkwa na sisi watu wa bara. "Niiteni kazi yangu," alituambia. "Kazi yangu angalau mnaitamka sawasawa."

Nikiulizwa alikuwa mtu wa namna gani, naanza na mwendo wake. Aliendesha kana kwamba barabara imelala na hataki kuiamsha. Katika mji ambao Landkruza hukujia nyuma ikikuwashia taa kama inakuletea habari za msiba, yeye alishika njia yake ya kulia, mikono miwili kwenye usukani, kofia ya kiua imenyooka kichwani. Akiwashiwa taa, alipisha. Akipigiwa honi, alipisha na kusema, "Mpishe, ana haja ya choo." Hakuwahi kuisema kwa hasira. Aliisema kwa huruma, kama daktari.

Yeye mwenyewe hakupiga honi. Aliamini honi ni tusi, na kwamba mtu anayelitumia bila kushuka garini ni mwoga. Breki aliiita adabu. "Fulani hana breki," alisema juu ya kijana mmoja aliyeongea sana wakati wa kula, na tangu siku hiyo yule kijana akawa na jina.

Sisi tuliotafuta leseni tulipitia kwake, hata kama tulikuwa tumeshafaulu mtihani wa serikali. Mtihani wake ulikuwa mmoja. Alinunua karak, ile chai ya maziwa na iliki inayouzwa kwenye vibanda kila kona ya mji, akaomba ijazwe mpaka ukingoni, akakiweka kikombe cha karatasi juu ya dashibodi bila kifuniko. Kisha akasema, "Twende."

"Nikitazame kikombe au barabara?" nilimuuliza siku yangu.

"Barabara. Karak itajitazama yenyewe."

Kwenye mzunguko wa kwanza karak yote ilikuwa mapajani mwangu. Nilipiga kelele. Dereva alikuwa anatazama mbele, ametulia. "Abiria wako ameungua," akasema. "Endelea na safari."

Mtihani huo hakuubuni. Ulitoka kwa tajiri wake, mzee wa Kiqatari aliyemwita Baba, kama madereva wengi wa majumbani wanavyowaita matajiri wao. Baba alipenda kunywa karak garini, na kanzu yake ilikuwa nyeupe ya kutisha. Miaka yote ile, Dereva alituapia, hakuna tone lililowahi kuitia doa ile kanzu. Wengine wana vyeti ukutani. Yeye alikuwa na kanzu ya mtu mwingine.

Tulijuana kwa sababu ya kivuli. Mimi ni mlinzi kwenye jengo moja la ghorofa nyingi West Bay, na kazi yangu mojawapo ni kuondoa magari yasiyostahili kukaa mbele ya jengo. Alasiri moja nikalikuta gari kubwa jeusi limeegeshwa kando, ndani yake mzee amefumba macho na redio ikisoma Kurani kwa sauti ya chini.

"Mzee, hapa haturuhusu gari kukaa."

Akafumbua jicho moja. "Mwanangu, mimi sikufuata kivuli. Nilikuwa juani hapa hapa. Kivuli ndicho kilichonifuata. Kiondoe hicho kwanza."

Nikamwacha. Baadaye nikaja kujua kwamba alivijua vivuli vya mji mzima: ukuta gani wa hospitali unakupa kivuli mpaka adhuhuri, mti gani wa shule una kunguru, jumba gani la maduka lina ngazi ya chini yenye ubaridi. Majengo ya West Bay aliyasifu kwa kipimo hicho tu. "Lenu ni zuri," aliniambia. "Lile la pembeni sura nyingi, kivuli hamna." Alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo: watu wanadhani dereva analipwa kuendesha, kumbe kuendesha ni mapumziko, analipwa kusubiri.

Kitu kingine cha kumjua ni kwamba hakuwa na kitu. Alikaa kwenye mulhaq, kile chumba cha nje wanachopewa wafanyakazi wa nyumba, na chumba chake kilikuwa na kitanda, birika la umeme, redio, na sanduku ambalo hakulifungua lote tangu aje. Okello, rafiki yetu Mganda ambaye pia ni mlinzi, aliponunua simu ya pili, Dereva alimuuliza ana midomo mingapi. Mtu akija na viatu vya kung'aa, alimuuliza kama ni taa za gari. Makelele hakuyataka, mapambo hakuyataka, mwendo kasi hakuutaka.

Na mtu huyo ndiye aliyenunua gari la Kimarekani la miaka ya sabini, silinda nane, milango miwili, lenye boneti ndefu kama meza ya harusi, mistari miwili myeupe juu yake, na ekzosi zinazonguruma mpaka vioo vya madirisha vinajibu.

Gari lilikuwa la Baba. Alilinunua ujanani, wakati ambapo, kwa maelezo ya Dereva, alikuwa na nywele na hakuwa na akili. Alipopata akili akalifunika kitambaa na kuliweka gereji. Kila Alhamisi Dereva alilifunua, akalifuta, akaliwasha, akalipeleka mbele kidogo na kulirudisha nyuma kidogo, kama mtu anayemnyoosha mgonjwa miguu. Sasa, msimu mmoja wa baridi, Baba akasema watoke nalo. Hapo ndipo hadithi yote ilipoanzia, na niliisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia bila yeye.

"Baba akatoka nyumbani," alikuwa akisema, "akasimama kando ya gari. Anasubiri nimfungulie mlango wa nyuma, kama siku zote. Nami nikaenda kumfungulia, kama siku zote. Natafuta kitasa. Hakipo! Gari halina mlango wa nyuma. Kwenda nyuma sharti uinamishe kiti cha mbele uingie kama unatafuta kiatu chini ya kitanda. Baba akatazama lile tundu. Akatazama tumbo lake. Akanitazama mimi."

"Akaingia?" Okello aliuliza kila mara, ingawa jibu alilijua.

"Akakaa mbele. Kando yangu. Na hapo ndipo nilipojua kwamba ana masikio."

Tulicheka, naye alisubiri tumalize.

"Nyinyi mnacheka. Miaka yote ile mimi nilimjua kwa kioo. Macho na paji la uso, basi. Siku ile nikaona ana baka jeusi nyuma ya sikio, na nywele zinatoka ndani ya sikio kama mswaki. Nikasema, kumbe ni mtu! Naye nadhani aliona vyake kwangu. Tukaenda barabara ya kaskazini, huko Lusail kulipokuwa mchanga mtupu. Mwisho akaniuliza watoto wangu wanasoma darasa la ngapi." Hapa aliinua kidole. "Wa kwanza alikuwa ameshaoa."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa ya baridi walitoka wawili, wamekaa bega kwa bega, mwendo wa themanini, ndani ya gari lililoundwa kukimbia kama risasi. Magari madogo ya familia yaliwapita. Watoto waliwapungia mkono. Baba alikuwa na karak mkononi.

Kisha Baba akafariki, nyumba ikawa ya watoto wake, na gereji ikapangiwa kuvunjwa. Mwana wa mwisho, ambaye Dereva alimwita "mtoto" ingawa ana ndevu na ofisi ghorofa za juu za jengo letu hili hili, alimwita Dereva na kumwambia, kwa jina la heshima wanalowaita wazee huku: ami, lile gari lichukue, ni zawadi yako, Baba alikupenda. Mwingine angembusu mkono. Dereva aliomba muda wa kufikiri, na Ijumaa alikuja kwa Bi Zuhura na uso wa mtu aliyetukanwa.

"Umepewa gari bure na umenuna?" Okello akashangaa.

"Nimepewa. Ndilo tatizo."

"Ssebo, mimi nipe tatizo hilo."

"Sikiza wewe. Nimepewa kanzu za Idi, nimepewa simu, nimepewa tiketi, nimepewa hata haya meno ya mbele. Nashukuru. Lakini cha kupewa kinabaki na jina la aliyekupa. Nikipita nalo watu watasema, lile gari la marehemu, kapewa dereva wake. Mimi nataka waulize, gari la nani lile? Na mtu ajibu, la yule mzee anayeendesha."

Bi Zuhura alikuwa anapakua pilau. Ni mwanamke wa Unguja, mpishi wa nyumba moja ya matajiri, na Ijumaa yake ya mapumziko huitumia kupika tena, kwa ajili yetu. Akasema bila kugeuka, "Basi kalipose. Kitu cha maana hakibebwi kama mfuko wa sukari. Enda na washenga, ukae uulize mahari."

Alikuwa anatania. Dereva hakutania. Ijumaa iliyofuata mimi na Okello tulikuwa washenga. Bi Zuhura alitufukiza udi mpaka macho yakatutoka machozi. Okello, Mkristo wa Gulu mwenye miguu mirefu, aliazimwa kanzu iliyomfika magotini.

"Nimekuwa Mzanzibari," akajisifu.

"Umekuwa pazia la dirisha," Bi Zuhura akamjibu. "Nendeni, na msinitie aibu."

Njiani Dereva alitufundisha adabu za majlis, yaani sebule ya wageni ya wanaume: vueni viatu, pokeeni kwa mkono wa kulia, msionyeshe nyayo. Alikumbuka yote isipokuwa jambo moja dogo, na Okello ndiye aliyelilipia.

Ndani tulimkuta mtoto, na ami yake mzee sana aliyekuwa akivuta tasbihi. Mhudumu wa kahawa akasimama mbele yetu na dele, akatujazia vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Okello alikunywa, akarudisha kikombe kwa heshima. Kikajazwa. Akanywa, akarudisha. Kikajazwa. Okello ni mtu aliyelelewa vizuri. Hawezi kukataa cha mwenye nyumba. Nilimwona akianza kutoka jasho.

Dereva yeye alipokea kikombe chake, akakiweka chini juu ya zulia mbele yake, na hakukigusa tena.

Tasbihi ya yule mzee ikasimama. Kwa watu wa huku, mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, ana haja. Mwenyeji hawezi kustarehe mpaka aisikie, na akimwambia mgeni "kunywa," basi haja imekubaliwa na hakuna kurudi nyuma. Vijana wengi hawaitumii tena. Dereva alikuwa amekaa na Baba muda mrefu.

"Kunywa kahawa yako, ami," mtoto akasema kwa mazoea.

"Msikilize kwanza!" mzee akamkemea.

Dereva akakohoa. Maneno yalikuwa ya Kiarabu, lakini baadaye alitutafsiria mara nyingi, na kila mara yalikuwa yale yale.

"Nataka kununua gari la Baba."

"Ami, lile gari nimeshakupa."

"Nimesikia, Mungu akulipe. Nataka kulinunua."

"Ununue vipi kitu chako?"

"Si changu mpaka bei yake iniume."

Mtoto akacheka. "Haya. Riyali moja."

Dereva akakisukuma kikombe mbele kidogo, mbali zaidi na mdomo wake. Yule mzee akajifunika kinywa kwa ncha ya kilemba, mabega yakimtikisika. Mtoto akaacha kucheka, akataja bei ya kawaida.

"Kwa bei hiyo nitaogopa. Nitadhani lina ubovu."

"Lina ubovu! Kiyoyozi kimekufa."

"Kiyoyozi ni anasa. Injini ni ile ile liliyozaliwa nayo."

"Linakunywa petroli kama ndege, ami!"

"Rangi haijawahi kuguswa. Tazama viti. Ngozi kama ya jana."

"Taa ya nyuma imepasuka!"

"Niliipasua mimi. Usiiingize kwenye bei."

Sijawahi kuona soko kama lile, muuzaji anaitukana bidhaa na mnunuzi anaisifu, na bei inapanda huku mwenye mali akiomba ishuke. Kila mtoto alipotaja kiasi kidogo, kikombe kilisogea mbele. Kilipokaribia ukingo wa zulia, mtoto alikuwa amevua kilemba na kukiweka gotini. Walifika mahali. Sitataja kiasi, kilimuuma, kama alivyotaka. Mtoto akamtazama ami yake, na mzee akamwonyesha kikombe kwa kidevu.

"Kunywa kahawa yako, ami," mtoto akasema, safari hii polepole.

Dereva akakivuta kikombe, akanywa kwa funda moja, imeshapoa. Mhudumu alipokuja na dele, Dereva akakitikisa kikombe kidogo kulia na kushoto, na mhudumu akapita bila kumjazia.

Okello akaniinamia sikioni, macho yamemtoka. "Hivyo tu?" akanong'ona. "Ukitikisa tu, wanaacha?"

"Inaelekea."

"Tangu saa ile nasubiri mtu aniokoe, na dawa ilikuwa ni kutikisa?"

Okello hakulala mpaka Jumapili.

Kuhamisha jina la gari hakukuwa na tabu, maana mdhamini wake wa kazi ndiye aliyekuwa akimuuzia. Siku ya ukaguzi mafundi waliacha kazi na kuja kulipiga picha, kisha wakalikataa kwa sababu ya ile taa, akabadilisha, likapita. Istimara yake, ile kadi ya usajili wa gari, aliipitisha kwa Bi Zuhura mkono kwa mkono kama picha ya mjukuu. Sote tulilisoma jina lake. Hata sisi wa bara tulijaribu kulitamka.

Lakini kulikuwa na wasiwasi kwenye fleti, na baada ya Ijumaa chache tukafanya kikao. Mimi nikapewa kazi ya kusema.

"Dereva," nikaanza, "unajua kwetu Kenya gari lililozidi miaka minane haliingii bandarini?"

"Najua."

"Na usukani wa kushoto hawausajili?"

"Najua."

"Sasa Mombasa utalipelekaje?"

"Nani kakwambia naenda nalo Mombasa? Mombasa nina mke, ana kelele za kutosha."

"Basi umelinunulia nini?" Bi Zuhura akadakia. "Mwaka kesho unarudi kwenu!"

"Ndiyo. Kwa hiyo nina Ijumaa zote mpaka mwaka kesho."

Tukala.

Ijumaa hizo alizitumia vizuri. Alimpakia mtu mmoja mmoja, kando yake, na hakukubali mtu kukaa nyuma. Wakati wa joto kiyoyozi kilikuwa ni taulo la maji shingoni. Joto likizidi, petroli ilichemka ndani ya paipu kabla ya kufika kwenye injini, na gari likafa katikati ya barabara. Kwa hiyo abiria alipewa kazi: kushika mfuko wa barafu magotini, na gari likizima, kushuka, kufungua boneti na kuliwekea barafu kwenye pampu kama anayemkanda mtoto mwenye homa. Mimi nilifanya hivyo kwenye Corniche, ile barabara ya kando ya bahari, mbele ya watalii. Wakatupiga picha. Dereva alikaa wima, akiwapungia.

Aliyewahi kukaa nyuma ni Bi Zuhura peke yake. "Mimi mwanamke wa heshima," alisema. "Sikai bega kwa bega na mwanamume asiye maharimu yangu. Nitakaa nyuma kama madamu." Dereva alimwonya. Akaingia kwa kichwa, akapita. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Okello alivuta mkono, mimi niliinamisha kiti, na Dereva alisimama pembeni amegeuza uso kwa adabu, akitoa maelekezo.

"Mwambieni alete bega la kushoto kwanza."

"Bega lipi, mzee, hapa hakuna bega!" Okello akalia.

"Ole wenu mnitoe kwa msumeno!" sauti ya Bi Zuhura ikatoka ndani. "Na wewe Dereva, kama mlango wa nyuma ulikuwa ghali si ungesema tukakuchangia!"

Alipotoka alikaa kitako ukingoni mwa barabara, akapanga mtandio wake, na alasiri nzima hakusema na gari wala na mwenyewe.

Mwaka ukaisha. Macho yake, alisema, yalikuwa yameanza kuchelewa: taa nyekundu aliiona, lakini baada ya wenziwe. Wakati wake wa kurudi nyumbani ulikuwa umefika. Na mtu hawezi kufuta kibali chake cha kuishi hapa akiwa na gari kwa jina lake, kwa hiyo lilipasa kuuzwa. Tajiri mmoja mpenda magari ya kale akapeleka mtu na trela, na bei iliyomfanya Okello akae chini.

"Litawekwa ukumbini," yule mjumbe alieleza. "Ndani ya ubaridi. Na kamba kuzunguka."

"Kamba ya nini?"

"Watu wasiguse."

"Na nani atakuwa analiwasha?"

"Haliwashwi, mzee. Ni la kutazamwa."

Dereva akamshukuru, akamsaidia kugeuza trela.

Jioni ile ile mtoto akaja kwenye mulhaq. Alikuwa hajawahi kuingia mle. Akakaa kitandani, maana kiti hakikuwepo, akapewa karak, akainywa, akasema hali ya hewa ni nzuri, akaondoka. Siku ya pili akaja tena. Karak, hali ya hewa, akaondoka.

"Amegundua nachemsha karak vizuri," Dereva akatuambia Ijumaa. "Sijui hata anataka nini." Lakini alijua, na alikuwa na hofu ambayo sijawahi kuiona kwake. Tarehe ya safari ilikuwa karibu, na yule wa trela alikuwa anapiga simu.

Mara ya tatu mtoto alipokea kikombe, akakitazama, kisha akakiweka sakafuni.

Aliona haya, alisema, kuomba kitu alichokuwa amekitoa bure. Siku ya kahawa alidhani mzee anacheza. Lakini mwaka mzima alikuwa akiliona kwenye dirisha la ofisi, gari la baba yake likipita Corniche taratibu, watu wawili mbele, na kila mara alijiuliza kwa nini yeye alikuwa nyuma siku zote. Shule, nyuma. Uwanja wa ndege, nyuma. Hata kuendesha gari la klachi hakuwahi kujifunza.

Dereva hakumwambia anywe. Alimwambia, "Jumamosi asubuhi. Lusail. Njoo na kanzu unayoichukia."

Kwa hiyo kwa majuma kadhaa, kwenye zile barabara pana za Lusail ambazo nyumba zake bado hazijajengwa, mtu mwenye ofisi ghorofa za juu alikuwa akiruka kama chura ndani ya gari la silinda nane, na kikombe cha karak mbele yake. Alipita kwangu mapokezi akielekea ofisini, kanzu ina ramani ya kahawia kuanzia kifuani. Nilimbonyezea lifti bila kusema kitu. Mara moja tu nilishindwa.

"Barabara mbaya, bwana?"

"Mwalimu mbaya," akajibu, na mlango ukajifunga.

Mara ya mwisho nilimwona Dereva alasiri moja nikiwa zamu. Nilisikia kabla ya kuona. Vioo vya jengo vilianza kujibu. Gari likaingia mbele ya mlango mkuu, mahali ambapo hata mabalozi hawaruhusiwi kukaa, likasimama bila kuruka. Mtoto alikuwa kwenye usukani, istimara sasa ina jina lake, kanzu yake nyeupe kabisa. Kando yake Dereva, kofia imenyooka, sanduku lake la miaka yote limelala kwenye kiti cha nyuma. Safari hii kikombe cha karak hakikuwa kwenye dashibodi: Dereva alikuwa amekishika mkononi, kimejaa mpaka ukingoni, hakuna tone lililomwagika.

"Mwanangu, najua haturuhusiwi," akaniambia dirishani. "Nimekuja kukuaga. Kivuli chenu nimekiacha mahali pake."

Nikamtakia safari njema. Kisha nikamuuliza kama mtoto amefaulu.

"Bado kufika uwanja wa ndege."

"Ami," mtoto akasema, "tumetoka nyumbani na hiyo karak. Imepoa. Kunywa, tutachelewa."

"Siwezi kunywa," Dereva akasema. "Nina haja."

Mtoto akageuka kumtazama. Walikuwa karibu sana, bega kwa bega, na nadhani aliona masikio ya mzee na kila kilichomo.

"Iseme."

"Gari hili, usije ukaliajiria dereva. Mkeo, wanao, wageni wako, uwaendeshe wewe. Ukichoka, liuze."

Mtoto alishika usukani kwa mikono miwili. Nyuma yao Landkruza iliyotaka kupita ikawasha taa, ikapiga honi ndefu. Hakugeuka.

"Kunywa karak yako, ami."

Dereva akanywa yote, akakunja uso. "Sukari kidogo," akasema.

Mtoto akaachia klachi na gari likazima. Honi nyuma ikalia tena. Nikamsikia akisema kwa Kiarabu maneno ambayo hata mimi nayajua sasa, mpishe huyo, ana haja ya choo, na Dereva akacheka mpaka kofia ikapinda. Landkruza ikapita. Gari likawashwa tena, likateremka kuelekea Corniche kwa mwendo wa kuchosha. Walipokaribia kona, mkono wa Dereva ukatoka dirishani na kile kikombe kitupu cha karatasi, akakitikisa kidogo, kulia na kushoto.